Kabla ya Kununua "Dawa ya Baridi", Zoesha Miche Yako



Kipupwe kimefika mlangoni. Sisi wa nyanda za juu kusini hatuhitaji kalenda kutuambia. Ukiona unatoka asubuhi na koti, saa nne unalivua, saa kumi na moja jioni unalitafuta tena, ujue mwezi wa sita uko jirani. Kwangu mimi kuna dalili nyingine, nayo ni simu. Kila mwaka ikifika Juni na Julai huanza kuita kabla jua halijachomoza. "Bwana shamba, njoo uone, nyanya zimeungua." Nikifika shambani nakuta ni kweli, majani meusi, yamelegea na kulala kama mboga iliyochemshwa. Hakuna aliyewasha moto. Ni sakitu, ule umande unaoganda usiku na kuacha weupe wa barafu juu ya majani.

Mwaka huu simu zimeanza mapema na swali limebadilika. Watu wananitumia picha ya chupa. "Bwana shamba, hii dawa ya baridi inafaa? Wanasema ina homoni." Mama mmoja wa kata yangu alinieleza kuwa fedha aliyotenga kwa ajili ya mbolea ya kupandia ataitumia kwanza kununua chupa mbili, mbolea itafuata akijaliwa. Baada ya kuzungumza naye ndipo nikaona niandike.

Nautoa msimamo wangu mapema, usije ukasoma hadi mwisho ukiutafuta. Homoni zinazosaidia mboga kuvumilia baridi zipo kweli, wauzaji hawajazitunga. Lakini mmea huzitengeneza wenyewe, bure, ukipewa muda na ukilelewa vizuri kitaluni. Mkulima aliyeidekeza miche yake halafu akakimbilia chupa ananunua kitu ambacho alikuwa nacho akakizima. Tena yapo mazao, nyanya ikiwa ya kwanza, yenye mpaka ambao hakuna homoni ya chupa wala ya asili itakayoyavusha.

Sasa nieleze sababu, maana sipendi kumwambia mtu "usinunue" bila kumwonyesha kwa nini.

Mmea unajuaje kuwa kuna baridi?

Wewe ukisikia baridi ngozi inasisimka, meno yanagongana. Mmea hauna meno, lakini una kitu unachokijua vizuri jikoni kwako: mafuta. Kila chembe hai ya mmea, ile tuliyofundishwa shuleni kuiita seli, imezungushiwa utando mwembamba sana wenye mafuta. Kumbuka mafuta yako ya kupikia yanavyokuwa mwezi wa saba. Unayaweka usiku yakiwa maji maji, asubuhi yameganda nusu chupa. Utando wa seli nao hukakamaa vivyo hivyo baridi ikiingia, na huko kukakamaa ndiko kunakoupa mmea taarifa ya kwanza.

Utando ukikakamaa, vijimlango vidogo hufunguka na kalsiamu huingia ndani ya seli kwa ghafla. Kalsiamu hii hii unayoijua kwa kuzuia nyanya kuoza kitako, hapa haifanyi kazi ya chakula. Inafanya kazi ya taarifa. Nyuma yake inafuata haidrojeni peroksaidi, ile inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya kusafishia vidonda. Mmea huitengeneza ndani yake. Ikiwa kidogo ni ujumbe, ikizidi inaunguza seli. Haya yote huanza ndani ya dakika chache tu. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo, na hapo la mgambo limeshalia.

Baada ya hapo zinaingia homoni. Sitazitaja zote, nitachukua zile zinazomhusu mkulima.

Ya kwanza inaitwa asidi ya abisisiki. Jina ni gumu, mimi huwaambia wakulima waiite homoni ya kufunga milango. Wanasayansi waliitambua miaka ya 1960, baadhi yao wakichunguza kwa nini vitumba vya pamba hudondoka. Baridi ikiingia, homoni hii huongezeka na kuamuru matundu madogo ya majani yafungwe ili maji yasitoke. Utauliza, kwa nini maji, wakati tatizo ni baridi? Kwa sababu mizizi iliyo kwenye udongo wa baridi hainyonyi maji vizuri. Umewahi kuona matango yamenyauka saa tatu asubuhi wakati udongo umelowa chepechepe? Ukadhani ni ugonjwa, ukaenda kununua dawa ya ukungu? Majani yanapigwa jua na kupoteza maji, huku mizizi bado imelala. Mmea uliowahi kufunga milango unapona. Uliochelewa unanyauka mbele ya maji. Homoni hii pia husaidia mmea kukusanya sukari na protini za kulinda seli zake.

Ya pili ni asidi ya salisili, ndugu yake aspirini tunayomeza kichwa kikiuma. Ya tatu ni asidi ya jasmoni, ambayo jina lake limetokana na ua la yasmini. Hizi mbili zinajulikana zaidi kwa kuuandaa mmea dhidi ya magonjwa na wadudu, lakini kwenye baridi nazo zinashiriki.

Ya nne ndiyo nataka uikumbuke kuliko zote, inaitwa jibereli. Mwaka 1926 mtafiti Mjapani, Eiichi Kurosawa, alikuwa anachunguza ugonjwa wa mpunga ambao ulifanya miche irefuke kupita kiasi, iwe myembamba na ya njano, kisha ianguke. Aligundua kuwa kuna kitu kinachotolewa na ukungu ambacho ndicho kinairefusha. Baadaye ikafahamika kuwa mimea yenyewe inacho kitu hicho na inakitumia kila siku kukua. Jibereli ndiyo mafuta ya gari, ukikanyaga, mmea unakimbia.

Baridi ikija, mmea wenye akili unapunguza jibereli yake. Unasimamisha kurefuka, unabaki mfupi, unakaza shina na majani, sukari ambayo ingetumika kukua inatumika kujilinda. Wewe ukiuona hivyo unasema "umedumaa". Hapana. Ni kama dereva wa lori anayeshuka Kitonga, kaweka gia nzito na anakwenda taratibu kwa makusudi. Ukimpigia honi aongeze mwendo unamtafutia korongo.

Kwa nini kabichi inacheka na nyanya inalia

Baada ya homoni na taarifa zote hizo, ndani ya seli kuna swichi zinazowashwa na baridi. Swichi moja ikiwaka huwasha jeni nyingine nyingi, na kazi ya kujilinda inaanza. Kabichi, sukuma wiki, karoti na njegere asili yao ni nchi zenye majira ya baridi, na kazi hii zimeizoea tangu enzi. Zikipata siku kadhaa za ubaridi wa wastani zinakomaa na kustahimili ubaridi mkali unaofuata. Ndiyo maana kabichi ya Julai ni tamu kuliko ya Februari. Ile ni sukari iliyojilimbikiza seli zisiumie.

Nyanya asili yake ni Amerika, upande wa joto. Watafiti wameikuta nayo ina swichi zinazofanana na hizo, ila zikiwaka, jeni zinazoitikia ni chache. Fikiria kijiji ambacho mbiu inapigwa sawasawa, lakini wanaotoka na jembe ni wawili. Nyanya ikizoeshwa itavumilia ubaridi wa nyuzijoto 8 au 9 vizuri zaidi kuliko ambayo haikuzoeshwa. Maji ndani ya majani yakiganda, imekwisha. Pilipili hoho, matango, bamia, maboga na maharage ziko kundi hilo hilo.

Hapa mkulima atofautishe mambo mawili ambayo sote tunayaita "baridi". Kuna ubaridi usiogandisha, kuanzia nyuzijoto 10 au 12 kushuka chini, ambao unaichosha nyanya polepole. Majani yanakuwa na rangi ya zambarau upande wa chini, maua yanapukutika, na usiku ukishuka chini ya nyuzijoto 13 hivi chavua haifanyi kazi vizuri, matunda hayashiki. Kuna na sakitu, ambayo inaua usiku mmoja. Homoni zinasaidia kwenye hilo la kwanza. Anayekuambia chupa yake inazuia hilo la pili kwenye nyanya, mwombe akupe namba ya simu utakayompata mwezi wa nane.

Nilivyowaponza watu

Nikiri jambo. Nilipokuwa na miaka michache tu kazini, stashahada yangu bado ina harufu ya wino, kikundi kimoja cha wakulima wa vinyungu waliniita mwanzoni mwa Juni. Nyanya zao zilikuwa fupi, majani yana zambarau, hazisogei. Nikaangalia, nikakumbuka somo la virutubisho, nikasema naitrojeni imepungua, wekeni urea. Wakaweka. Ndani ya wiki mbili shamba lilibadilika, kijani kibichi, majani mapana na laini, matawi mapya kila mahali. Walinisifu sana. Mmoja aliniletea kuku.

Kisha ukaja usiku mmoja wa anga safi, bila upepo. Asubuhi shamba lote lilikuwa jeusi.

Jirani yao, mzee mmoja ambaye hakunisikiliza (na hakuwa na fedha ya urea), nyanya zake ziliungua majani ya juu, lakini mashina yalikuwa hai, yakachipua, na akavuna. Sitaki kutia chumvi. Shamba lake lilikuwa juu kidogo ya yale mengine, na hilo lilimsaidia, nitalieleza. Lakini pia miche yake aliitoa kivuli siku kumi kabla ya kuhamisha, akaipunguzia maji, na hakuilazimisha kukua katikati ya baridi. Mimea yake ilikuwa imeweka gia nzito. Ya kikundi changu niliikanyagia mafuta mimi mwenyewe.

Kuku nilikuwa nimeshamla. Nilirudi kuwaomba radhi, wakanipokea kwa ustaarabu ambao sikuustahili. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia nyanya zake "zimedumaa" mwezi wa sita, swali langu la kwanza si mbolea. Ni usiku uliopita ulikuwaje.

Basi ndani ya chupa kuna nini?

Nimezisoma lebo za chupa nyingi zinazoitwa busta. Nyingi ni mbolea ya majani ya kawaida, naitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini madogo madogo, imepewa jina zuri. Haina ubaya, ila si dawa ya baridi. Nyingine zina dondoo la mwani wa baharini, ambalo kweli huwa na homoni kiasi fulani, na kwenye mimea iliyotunzwa vizuri linaweza kusaidia kidogo. Kuna kundi la tatu lenye jibereli, ambalo lina matumizi yake halali kwenye mazao fulani. Ukilipulizia kwenye nyanya mwezi wa sita umefanya nilichofanya mimi na urea, pengine zaidi.

Sipingi utafiti. Mwaka 1999 watafiti wa Hungaria walichapisha jaribio la mahindi machanga yaliyooteshwa kwenye maji yenye virutubisho. Waliyapa asidi ya salisili kiasi kidogo sana, kama gramu 0.07 kwa lita moja ya maji, kwa siku moja kabla ya kuyaweka kwenye baridi. Mahindi yale yaliumia kidogo kuliko yasiyopewa. Ni habari njema. Lakini tazama masharti yake: yalipewa kabla ya baridi, si baada, kipimo ni kidogo na cha uhakika, na hata hivyo, kabla baridi haijaja, mahindi yaliyopewa yalipunguza kazi ya kutengeneza chakula. Kujilinda kuna gharama, iwe kwa chupa au kwa asili. Na jaribio la kwenye maabara si shamba la Makete.

Kuna vijana wanasaga aspirini na kupulizia. Mnaniuliza kama ni kweli. Wazo lina chanzo chake, nimelieleza hapo juu, lakini kipimo mnakikisia, na asidi ya salisili ikizidi inaunguza majani na kudumaza mmea. Aspirini iacheni nyumbani.

Ukitaka kununua chupa hata hivyo, ni fedha yako, sitakugombeza. Soma lebo. Tafuta jina la kiambato, si jina la biashara. Tafuta namba ya usajili: viuatilifu husajiliwa na TPHPA, mbolea husajiliwa na TFRA. Muulize muuzaji ipulizwe siku ngapi kabla ya baridi. Akikujibu "hata baada ya sakitu inafufua", rudisha fedha mfukoni.

Nawe ndugu yangu wa duka la pembejeo, najua biashara ni ngumu na mzigo umeukopa. Uza busta kama busta. Mkulima akipoteza shamba mara moja kwa neno lako, haji tena kununua hata mbegu.

Kinachofanya kazi, na hakina lebo

Kuzoesha miche ni kuipa mimea taabu ndogo ili la mgambo lilie mapema, homoni ziamke na swichi ziwake kabla ya taabu kubwa. Anza siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha. Siku za kwanza toa kivuli saa za asubuhi na jioni tu, halafu mchana kutwa, mwisho na usiku pia, isipokuwa usiku unaotishia sakitu. Maji punguza, usikate. Acha udongo wa juu ukauke, mche ulegee kidogo mchana na ujirudi wenyewe jioni. Usipojirudi, umezidisha, mwagilia. Mbolea ya naitrojeni kitaluni usiweke kabisa siku hizo. Mche uliozoea utaujua kwa mkono: shina linakuwa gumu kidogo na jani nene, huku kijani kikikolea hadi kuelekea zambarau. Usikae nao kitaluni wiki tatu ukidhani unauzoesha zaidi. Utakomaa vibaya na shambani utachelewa kuanza.

Kuna mbinu nyingine ambayo watu hunicheka nikiwaonyesha. Chukua fimbo nyepesi au kipande cha boksi, kila asubuhi majani yakiwa yamekauka umande, pitisha taratibu juu ya miche ya nyanya kwenda na kurudi mara kumi na tano hivi, iiname na kuinuka. Mmea unahisi kuguswa, unabadilisha homoni zake, unabaki mfupi na shina linanenepa. Nyanya na matango zinaitikia vizuri. Usifanye majani yakiwa na maji, utasambaza magonjwa.

Kwa kabichi nina onyo dogo. Kuzoesha ni sawa, lakini usiache miche ya kabichi ikanenepa shina kama penseli kitaluni halafu ikakaa wiki nyingi kwenye baridi kali. Kabichi iliyofikia unene huo hulihesabu baridi kuwa majira yamepita, ikatoa ua badala ya kufunga. Ihamishe ingali ndogo.

Shambani, suala la mahali linazidi mengine yote. Hewa ya baridi ni nzito, inashuka mteremko usiku kama maji na kutuama bondeni. Na vinyungu vyetu viko wapi? Bondeni, kwa sababu kiangazi unyevu uko huko. Kwa hiyo tunapanda nyanya palepale baridi inapolala. Ukiweza kupandisha nyanya hatua chache juu ya mteremko, hata kama utabeba maji kwa ndoo, umeipa msaada ambao hakuna chupa inayoufikia. Chini kabisa weka kabichi, chainizi, karoti au vitunguu. Njegere nazo zinavumilia zikiwa bado majani, ila maua na maganda machanga huumia, kwa hiyo hesabu tarehe. Kama chini ya shamba lako kuna ukuta mnene wa matete au miti, fungua mwanya, hewa ya baridi ipate pa kupitia iendelee kushuka, isijae kwako kama maji ndani ya bwawa.

Na kama huna sehemu ya juu, chelewesha. Panga kitalu ili nyanya ziingie shambani baridi kali ikiwa imepita, kuanzia katikati ya Agosti kwa maeneo mengi ya huku. Utavuna baadaye kuliko jirani, lakini utavuna.

Siku utakayoona anga halina wingu na jioni upepo umekufa, mwagilia mchana huo, kati ya saa nne na saa nane, udongo uliolowa ushike joto la jua na kulitoa usiku polepole. Usimwagilie jioni kwa maji ya kijito yenye baridi, wala alfajiri. Mizizi itaganda ganzi. Matandazo ya nyasi tunayoyahimiza siku zote yasogeze pembeni kwa muda kwenye maeneo ya sakitu. Nyasi kavu juu ya udongo huzuia joto la udongo kupanda kwenye majani usiku. Nyasi hizo hizo zitumie kufunika mimea yenyewe ikiwa midogo, ukiifunika kabla jua halijazama na kuifunua asubuhi jua likipanda. Kuchoma matairi ili moshi ufunike shamba kunasumbua mapafu ya watoto, na moshi hauzuii joto la ardhi kupotea. Acheni.

Sakitu ikikupiga, usikimbilie kukata majani wala kuweka urea. Subiri wiki moja uone shina linachipua wapi.

Kwa wanunuzi wa nyanya

Mfanyabiashara wa kijijini, nawe baridi inakuhusu. Nyanya huiva kwa homoni nyingine, ethilini, inayotoka ndani ya tunda lenyewe. Tunda bichi lililokaa siku nyingi kwenye ubaridi, hata bila sakitu, mfumo huo huharibika ndani huku nje linang'aa. Unalinunua la kijani, unalipakia Makambako kwenda Dar es Salaam, ukifika joto linaiva mabaka, njano hapa nyekundu pale, linabonyea, linaota ukungu mweusi. Mteja anasema umemuuzia mzigo wa zamani. Wewe unamlaumu dereva.

Kwa hiyo Julai, kabla hujafunga bei ya shamba lililoko bondeni, chuma matunda kumi yaliyokomaa lakini bado kijani, yaweke jikoni karibu na joto siku nne au tano, uone yanavyoiva. Mzigo ulionunua usiulaze nje kwenye sakafu ya saruji usiku mzima kusubiri gari. Ubaridi wa usiku huo unajumlishwa na ule wa shambani, tunda halisahau. Mkulima naye asikasirike ukimwomba jaribio. Afadhali mkubaliane bei mapema kuliko kuja kulaumiana mzigo ukishaoza.

Namrudia yule mama. Tulizungumza kwa muda mrefu chini ya mparachichi wake. Amekubali kununua mbolea kwanza. Kabichi zitaingia bondeni, nyanya zitapanda juu mwezi wa nane, na miche ataizoesha. Chupa moja hata hivyo amesema atainunua, kwa sababu shemeji yake ameisifu, na mimi sikuweza kubishana na shemeji. Tumekubaliana aipulizie mistari minne kitaluni, mistari mingine minne ya mbegu ile ile na siku ile ile aiache bila kitu, yote izoeshwe sawa. Nitakuja na daftari, tutahesabu pamoja miche iliyoshika na matunda ya vichala vya kwanza. Ikiwa mistari ya chupa itashinda, nitaandika hapa hapa kuwa imeshinda.